Mwalimu Aliyeninyima Jumamosi

Asubuhi ile niliamka chumbani kwangu Igogo, Mwanza, nikiwa na nauli ya kwenda mahali, ila mahali penyewe sikuwa napo. Nilifunga begi, nikamwachia jirani ndoo na jiko la mkaa, nikateremka barabarani. Nilielekea kwenye kivuko cha Kamanga kwa sababu mtu aliyekuwa mbele yangu alikuwa anakwenda huko, na alikuwa na mwendo mzuri wa kufuata. Ndivyo nilivyoishi miaka ile yote ya tisini. Nimepakua samaki, nimepasua mawe, nimeuza mitumba, nimepaka rangi mabango ya maduka mapya yaliyokuwa yakichipuka kila kona, na kila kazi niliiacha nilipoielewa.

Katikati ya maji kivuko kilipunguza mwendo. Magugumaji yalikuwa yamejitandaza mbele yetu kama shamba la mtu. Abiria wakaanza kunung'unika. Mama mmoja mwenye kikapu cha dagaa akasema, "Jamani, si juzi tu yalikuwa kule pembeni?"

Mzee aliyekaa karibu naye akamjibu, "Yanaongezeka kidogo kidogo, mayu. Hata huoni."

Nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimemkumbuka mtu ambaye asingeweza kumwacha yule mzee hivi hivi na hiyo "kidogo kidogo" yake. Angemshika mkono, angemuuliza maswali mpaka ng'ambo, na wangeachana wakiwa marafiki au maadui. Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia mdomoni, maana mtu huyo sikuwahi kumkumbuka bila kuumia.

Alikuwa mwalimu wa tuisheni ya hesabu, Mkuyuni. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sijui. Nilimuuliza mambo mengi sana katika miaka ile, lakini hilo halikuwahi kunijia. Alikuwa ameacha ajira ya serikali kama walimu wengi wa wakati ule, akajiajiri kuwaandaa vijana wa kidato cha sita waliotaka kuingia chuo kikuu. Darasa lake lilikuwa pagale, nyumba ambayo mwenyewe aliishiwa saruji akaiacha bila milango. Nusu yake tu ilikuwa na bati. Mvua ikinyesha, waliokuwa upande wa wazi walihamia upande wenye bati na kusimama, somo likaendelea kana kwamba ndivyo lilivyopangwa. Ubao wake ulikuwa kipande cha plaiwudi alichokipaka mwenyewe, kwa unga mweusi wa betri kuukuu za redio uliotwangwa pamoja na majani ya matembele.

Siku niliyomjua nilikuwa nimebeba mbao za kutengenezea benchi. Hakusimamisha somo. Alinionyesha kwa kidevu mahali pa kuziweka, akaendelea.

"Baiskeli inateremka kutoka Bugando," alisema. "Haina breki. Huku chini kuna mbuzi amelala barabarani. Chukua umbali wote, gawanya kwa muda wote. Unapata nini?"

"Mwendo wa wastani, mwalimu!"

"Haya. Baiskeli imemgonga mbuzi. Mbuzi kagongwa na wastani?"

Msichana mmoja akasema kwa sauti ndogo kuwa hapana, kagongwa na ule mwendo wa pale pale. Mwalimu akaruka kwa furaha. "Pale pale! Mbuzi hagongwi na wastani! Andikeni."

Nilipaswa kuweka mbao na kuondoka. Badala yake nikauliza, "Lakini mwalimu, pale pale hapana muda. Sasa utagawanya kwa nini?"

Wanafunzi walicheka, maana nilikuwa nimejaa vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Yeye hakucheka. Alinitazama, akauliza, "Mbao hizo zina haraka?"

"Hazina."

"Basi kaa juu yake."

Nilikaa. Kwa miaka iliyofuata, kila nilipokuwa Mwanza, sikuwahi kuacha kukaa. Mimi ni mtu wa Kisesa, shule niliiacha nikiwa nimesoma muhula mmoja tu wa kidato cha kwanza, na katika muhula huo nilichojifunza ni kwamba kila kitu nilichokijua kwa Kiswahili kilikuwa kimegeuka Kiingereza usiku mmoja na mimi sikuarifiwa. Sasa nilikuwa nimekaa na vijana wa kidato cha sita, na nilikuwa naelewa.

Nilielewa kwa sababu yule mwalimu alifundisha kwa Kiswahili. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Walimu wengine wa tuisheni, wale wenye mabango ya rangi na vipaza sauti, walisoma Kiingereza kutoka kitabuni na vijana wakanakili bila kujua wananakili nini. Yeye alikuwa na maneno yake. Fomula ya kugeuza namba aliiita kinu: ukitia mahindi unapata unga, na ukitia mahindi yale yale lazima upate unga ule ule, la sivyo kinu ni kibovu. Halafu aliuliza, je, kuna kinu cha kurudisha unga kuwa mahindi? Tulibishana hilo siku nzima. Alikuwa na somo aliloliita "kukaribia bila kufika", akalieleza kwa mtu anayedaiwa posa ambaye kila siku anapunguza nusu ya njia ya kwenda kwa wakwe.

"Kiingereza ni nguo," alikuwa akituambia. "Kwanza mtoto azaliwe. Nguo baadaye."

Nililipenda sana neno hilo. Nilijua niko uchi, lakini nilijua pia kuwa nimezaliwa.

Ukimwamkia "Shikamoo mwalimu", alijibu, "Marahaba, umeleta swali?" Ukisema hujaleta, alisikitika kwa dhati, kama mtu aliyetembelewa mikono mitupu. Alifuta ubao kwa kiganja, hakuwahi kutumia kitambaa, kwa hiyo mkono wake wa kulia ulikuwa mweupe siku zote, hata kanisani. Hakukaa chini. Alitafuna karanga mbichi kutoka mfukoni huku akisubiri jibu, na kadiri jibu lilivyochelewa ndivyo alivyotafuna polepole zaidi, asituharakishe. Jibu sahihi lisilo na sababu alilikataa. Jibu la uongo lenye sababu nzuri alilishangilia mpaka majirani wakachungulia.

Siku moja alitupeleka ziwani, nyuma ya nyumba za Igogo, kwenye ghuba ndogo ambako magugumaji yalikuwa yameanza kuingia. Alipigilia vigingi vya kuonyesha yalipofikia, akatutaka kila mmoja abashiri yatafika wapi wiki ijayo na apigilie chake hapo. Tuliporudi, vigingi vyetu vyote vilikuwa vimemezwa. Alicheka mpaka akashika magoti. "Ninyi mnajumlisha," alisema, "ziwa linazidisha! Mnabishana na ziwa?"

Wazazi hawakujua wamfanyeje. Alikuja baba mmoja mwenye boti za sangara, mnene wa mwili na mkononi ana funguo za gari, amemshika mwanawe bega.

"Mwalimu, nataka umpitishe huyu."

"Nimpitishe wapi, mzee?"

"Apite aende chuo kikuu."

"Akasome nini?"

"Chochote kinachopitika."

Mwalimu akamgeukia kijana. "Wewe unataka nini?"

"Mimi nataka kusimamia boti za baba."

"Mzee," mwalimu akasema, "huyu ameshapita. Mrudishe nyumbani."

Tulicheka sana siku ile. Baba aliondoka akifoka kuwa hajawahi kuona mfanyabiashara anayefukuza wateja. Lakini wiki iliyofuata kijana yule alikuwa amekaa benchi la mbele, na mwalimu hakutueleza lolote. Nilipaswa kujiuliza. Mtu anayeuliza "kwa nini" mpaka akapewa jina la Bwana Kwanini, na jina hilo alinipa yeye mwenyewe, hakujiuliza hilo.

Alikuwa na mambo mengine yasiyopatana. Alitukana vijitabu vya maswali ya mitihani iliyopita yaliyokwisha kujibiwa, vilivyouzwa kila kibanda miaka ile, akisema ni chakula kilichotafunwa na mtu mwingine. Lakini binti zake wadogo aliwakaririsha jedwali la kuzidisha kila jioni, na aliyesita alivutwa sikio. Alikuwa mkarimu wa ugali na samaki hata siku ambayo mkewe alimkazia macho, lakini kipande cha chaki ukikidondosha kikavunjika alinuna mpaka kesho. Alisema mwanafunzi asiyebisha ni ubao wa pili darasani. Ukimbishia mbele ya wageni, alikukatiza kauli.

Mimi sikunusa hatari katika hayo. Nilimpenda. Nasema hivyo kwa sababu bila kulisema hilo, haya yanayofuata hayatakuwa na uzito.

Vijana wengine wakishaondoka, alinizuia. "Kaa kidogo." Aliufuta ubao wote kwa mkono, akanionyesha vitu ambavyo hakuwaonyesha wao. Alinionyesha kwa nini zile namba zisizogawanyika haziwezi kwisha, hata ukihesabu mpaka ziwa likauke. Alinionyesha kuwa kuna namba haziandikiki kama sehemu, na akaacha nihangaike nayo siku kadhaa kabla ya kunipa njia. Kila mara kabla ya kuanza alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekupa kipande cha asali wengine wasione, "Hii haipo kwenye mtihani."

Nilirudi chumbani nikiwa tajiri. Wengine walipewa cha mtihani, mimi nimepewa cha juu yake.

Darasa lilikuwa kila siku jioni, na Jumamosi kutwa nzima. Jumamosi sikwenda. Yeye mwenyewe alinizuia, zamani sana, katika miezi ya kwanza. "Jumamosi ni marudio tu," aliniambia. "Wewe hurudii, unaelewa mara moja. Nenda gulio la Kisesa katafute riziki yako." Niliona ni wema. Nilimsimulia mama yangu habari ya mwalimu anayenijali hata tumbo langu.

Nilikuwa nakaa jirani na yule msichana wa siku ya mbuzi. Jina lake Kulwa, binti wa muuza mkaa wa Igogo, alikuwa akirudia kidato cha sita baada ya kukosa alama za chuo kikuu mara ya kwanza. Alikuwa mkali wa ulimi na mwepesi wa kucheka, na mara nyingi nilimfafanulia asichokishika. Ni yeye aliyenitia wazo.

"Kaka, wewe unakaa hapa unakula hesabu za bure, mtihani hufanyi. Kwani unasubiri nini?"

"Mimi nina cheti cha darasa la saba, Kulwa."

"Si kuna mtihani wa maarifa? Watu wazima wanafanya, wakifaulu wanaruhusiwa kufanya wa kidato cha nne. Halafu unapanda tu. Na wewe hesabu za kidato cha sita unazo tayari."

Nililala na wazo hilo, likanikataza kuondoka mjini. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kutaka kufika mahali na kupajua jina. Nilitaka siku moja niingie chuo kikuu kwa mlango, niwakute watu ambao kazi yao ni kuuliza. Nilijiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa masomo mengine nilitafuta kamusi na kuhangaika nayo kila siku. Hesabu sikuiandalia. Hiyo nilikuwa nayo.

Nilimweleza mwalimu jioni moja, wakati anafuta ubao.

"Mwalimu, nimejiandikisha mtihani wa maarifa."

Mkono wake ulisimama katikati ya ubao. "Nani kakutuma?"

"Nimejituma."

"Mtihani utakuharibu wewe."

"Kwani siwezi?"

"Kuweza unaweza." Akaendelea kufuta, polepole, sehemu ambayo ilikwisha kuwa safi. "Haya. Vizuri, Bwana Kwanini. Kaa, leo nina kitu kizuri." Akanifundisha jambo jingine ambalo halikuwepo kwenye mtihani.

Kati ya siku ile na siku ya mtihani Jumamosi zilipita nyingi. Hakusema neno.

Karatasi ya hesabu ilikuwa ya maswali mepesi. Hilo niliweza kuliona, kama unavyoweza kuona chakula kupitia dirisha. Pale palipokuwa na namba na alama tupu nilijibu kabla jirani yangu hajafungua kalamu. Lakini mengi yalikuwa maelezo. Kulikuwa na habari ya wakulima wawili na shamba, kulikuwa na mtu na ngazi na ukuta, na katikati ya kila habari palikuwa na neno moja la Kiingereza linaloamuru ufanye nini, na neno hilo sikulijua. Nilijua kila kinachoweza kufanyika. Sikujua ninaambiwa nifanye kipi. Mahali pengine nilibahatisha na kuandika njia yangu yote kwa Kiswahili, nzuri, iliyonyooka, na mbele yake hakukuwa na mtu wa kuisoma.

Matokeo yalipobandikwa, masomo niliyoyaogopa nilikuwa nimeyapita. Nilikuwa nimeanguka hesabu.

Sikuwa na hasira bado. Niliona aibu tu, nikaacha kwenda pagaleni, nikaenda kupasua mawe. Nilikutana na Kulwa sokoni Mkuyuni akinunua sanduku la bati. Alikuwa amepata nafasi chuo kikuu, anasubiri kusafiri.

"Bwana Kwanini! Umepotelea wapi? Mtihani vipi?"

"Nimeanguka."

"Somo gani?"

"Hesabu."

Akacheka, akanipiga begani. "Acha utani wewe."

"Si utani, Kulwa. Nimeshindwa kusoma maswali. Yale maneno ya Kiingereza sikuyajua."

Aliacha kucheka. "Hata zile tafsiri za Jumamosi hukunakili kwa mtu?"

"Tafsiri gani?"

"Za Jumamosi, kaka. Siku ya kuvisha nguo." Akaniona bado simwelewi. "Wiki nzima si tunasoma kwa Kiswahili? Sasa Jumamosi anachukua kila neno la wiki hiyo anatupa Kiingereza chake. Halafu anatoa maswali ya miaka ya nyuma, tunayafanya kwa Kiingereza kuanzia asubuhi mpaka ulimi unauma. Bila Jumamosi nani angefaulu pale?"

"Mimi aliniambia Jumamosi ni marudio."

"Sisi alituambia wewe ni Msabato."

Nadhani nilirudia neno hilo mara kadhaa. Kulwa alikuwa ameweka sanduku chini.

"Kuna siku nilimuuliza mimi mwenyewe," alisema. "Nikamwambia, mwalimu, mbona Bwana Kwanini haji siku ya maana? Akasema, mwacheni na Sabato yake, ni mtu wa imani yule. Basi tukakuheshimu. Hata siku ile mama alipokaanga kambale sikukuletea, nikajua Wasabato samaki asiye na magamba hawamgusi."

Mimi si Msabato. Na kambale nilikuwa nimemla na mwalimu, sahani moja, nyumbani kwake, tena kichwa alinisukumia mimi kwa sababu nilikuwa mgeni.

Sikumsikia tena Kulwa alisema nini. Nilikuwa napitia miaka yote ile kama mtu anayepapasa mifuko yake baada ya kutoka kwenye msongamano. Kijana wa boti, aliyetaka kubaki nyumbani, alivishwa nguo kila Jumamosi na akapelekwa chuo kikuu. Waliochoka, waliolazimishwa, waliosinzia benchi la nyuma, wote walivishwa. Aliyeachwa ni mmoja. Na ile asali ya jioni, ile "haipo kwenye mtihani", ilikuwa kweli tupu. Hakuwahi kunipa chochote kilichokuwepo kwenye mtihani.

Nilikwenda pagaleni siku ile ile. Nilikuta mafundi. Mwenye nyumba alikuwa amepata saruji, anataka kufungua baa yenye meza ya pulu. Mwalimu alikuwa amechukuliwa na shule ya binafsi, mafundi hawakujua wapi. Mmoja alisema Shinyanga, mwingine Bukoba. Plaiwudi ya ubao walikuwa wanachanganyia zege juu yake.

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nikiyawaza kwenye kivuko, mpaka kikachomoka kwenye magugu na kutufikisha ng'ambo. Sengerema nilipata lori linalokwenda Geita. Watu walikuwa wakienda huko kwa sababu ya dhahabu. Mimi nilipanda kwa sababu lilikuwa na nafasi.

Tulifika jua likiwa linapungua. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara na begi langu, nikiangalia mji wa vumbi jekundu na mabati mapya, nikijiuliza nielekee wapi, niliposikia sauti nyuma yangu.

"Bwana Kwanini!"

Alikuwa amevaa tai. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe, na mkono wa kulia ulikuwa safi. Nilijisikia mdomo ukisema, "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba! Marahaba, ng'wanawane, mwanangu! Umeleta swali?" Alinishika mkono kwa mikono yote miwili, akaninyang'anya begi. "Umefika lini? Leo? Basi unalala kwangu, mke wangu atapiga vigelegele. Mimi ndiye mkuu wa taaluma shule ile pale, unaona lile bati la bluu? Kila kitu Kiingereza, kuanzia chekechea. Wazazi hawataki tena Kiswahili, wewe. Wanalipa watoto wasikiseme."

Tulitembea. Aliuliza habari za Mkuyuni, akacheka habari ya baa. Halafu akaniambia, "Bado unauliza maswali?"

"Nina moja."

"Lete."

"Kwa nini uliwaambia mimi ni Msabato?"

Alisimama. Hakujifanya amesahau, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

"Nani alikuambia?"

"Kulwa."

"Kulwa. Yule kafika mbali."

"Mwalimu."

"Nakusikia." Aliweka begi langu chini. "Wale wote walitaka niwavushe tu. Wakishavuka, hata nyuma hawageuki. Kila mmoja anauliza, hii itatoka, hii haitoki? Wewe hukuwahi kuniuliza hivyo. Nilikuwa nachoka mpaka nataka kuacha, halafu nakuona umekaa pale, nakumbuka kwa nini nilianza kazi hii. Nikajua ukija Jumamosi moja tu, utakuwa kama wao. Na ukifaulu utaondoka."

"Nilikuambia nimejiandikisha."

"Uliniambia."

"Bado palikuwa na muda."

"Palikuwa na muda."

"Ungeniuliza, mwalimu. Ungeniuliza nataka nini."

"Ningekuuliza ungesema unataka."

"Ndiyo, ningesema."

"Basi," alisema.

Alilisema kama lilikuwa jibu, na kwake naona lilikuwa jibu. Magari yalipita, vumbi likatufunika na kutua. Halafu akaniambia kwa sauti ya zamani, ile ya chini, "Lakini hujachelewa. Kaa kwangu. Nitakupa Kiingereza chote cha hesabu, miezi michache tu. Kila siku, si Jumamosi peke yake. Mwakani ufanye tena."

Siwezi kudanganya. Nilikuwa tayari nimeinama kushika begi nimfuate.

Mwanamume mmoja mwenye koti alikuwa anakuja, mwanawe amevaa sare ya ile shule ya bati la bluu. Alimsalimu mwalimu kwa Kiingereza, mwalimu akajibu kwa Kiingereza, wakacheka. Kisha yule baba akanitazama mimi na begi langu, akauliza kitu. Mwalimu alinitupia jicho, akasita kidogo, akajibu. Kiingereza changu ni kile nilichokuambia. Nilishika Mwanza, na nilishika bizinesi.

Yule baba akanipa mkono kwa heshima. "Karibu sana Geita, ndugu mfanyabiashara," akasema kwa Kiswahili, wakaenda zao.

Mwalimu hakunitazama. "Unajua hawa wazazi," alisema. "Mambo marefu kuwaeleza."

"Najua."

"Twende basi. Mama atakuwa ameinjika sufuria."

"Hapana, mwalimu. Nimeshapata pa kulala."

"Wapi? Si umefika sasa hivi?"

Nilichukua begi, nikamwamkia tena kwa kuaga, naye akaitikia bila kuuliza swali. Sikugeuka. Sijui kama alinisubiri.

Nyumba ya wageni niliyoipata ilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga, vyumba vichache kuzunguka ua wa udongo. Dada wa mapokezi alikuwa anachambua mchele. Alinionyesha chumba chenye kitanda cha chuma na neti yenye viraka, nikasema kinafaa. Akaniletea maji ya kuoga kwenye ndoo, akasimama mlangoni.

"Hapa huwa tunauliza, kaka, si kwa ubaya. Mgeni akiugua, akipata tatizo, tumwite nani. Una mwenyeji hapa Geita?"

"Sina."

"Hata mtu mmoja unayemfahamu?"

"Hata mmoja," nilimwambia, nikapokea ufunguo.